Kizingiti cha Lango la Beth-Asheli

Beth-Asheli, mwezi wa nane, siku ya kumi na tisa, mwaka wa tisa wa mfalme

Kwa wifi yangu Zibia, Yerusalemu, nyumba iliyo nyuma ya tanuri za waokaji.

Amani kwako. Naandika mwenyewe, kwa wino alioniachia baba, juu ya vigae vinne. Kila kigae nimekitia mistari pembeni, mmoja hadi minne. Mwambie anayekusomea asivichanganye.

Mama yako ni mzima. Macho hayaoni kabisa sasa, na miguu haimfikishi hata kwenye mlango wa ua. Ulimi haujambo. Jana alionja uji wangu akaniuliza kama Wakaldayo wameshaingia jikoni.

Wapanda farasi wao wameonekana mara tatu mwezi huu. Mara ya mwisho walisimama karibu sana; jirani yetu Hogla anasema aliona jinsi ndevu zao zilivyosukwa. Visima vya nje vimefukiwa kwa mawe. Zeituni zimebaki mitini. Punda wote wamechukuliwa na askari wa ngome. Wenye miguu wanatoka kwa makundi kuja kwenu, na kila kundi likiondoka mji unakuwa na mwangwi zaidi.

Mimba yangu ina miezi sita. Kaka yako Pedaya aliondoka kwenda jeshini huko kwenu sijawa na hakika. Mwambie.

Sasa kosa langu. Siku ya tatu ya mwezi huu nilikwenda langoni kuchota maji, na Hogla akasema mbele ya wote, "Mkamwana wa watu wa milimani ni mbuzi wa kuazima. Akisikia harufu ya kwao anakata kamba. Huyu atamwacha bibi kizee kitandani, mtaona." Wakacheka. Nikaweka mtungi chini, nikaapa: "Kama Bwana aishivyo, sitavuka kizingiti cha lango hili, hata waje Wakaldayo, mpaka Pedaya mwenyewe ampokee mama yake kutoka mkononi mwangu." Wazee wawili walikuwa wamekaa pale. Walisikia.

Nilisema kwa hasira, na nikijua nina mume. Sheria unaijua. Mke akiweka nadhiri, mumewe anaweza kuitangua siku ile anapoisikia. Akinyamaza mpaka jua lizame, imesimama. Kwa hiyo nakuomba, mwambie asubuhi. Usimwambie mchana. Kaka yako unamjua, ukimuuliza jambo leo anakujibu kesho kutwa. Mwambie jua likichomoza, simama mbele yake mpaka atamke, "Naitangua." Halafu niletee neno upesi. Hapo nitamchukua mama, tutakuja.

Nimeamka mara tatu usiku huu nikidhani nasikia kwato. Ilikuwa ni mama anakoroma.

Wifi yako, Atara


Yerusalemu, mwezi wa nane, siku ya ishirini na mbili

Kwa mjomba wangu Hashabia, kuhani, Anathothi.

Amani kwako, Mjomba. Maneno ni yangu, mkono ni wa Yigali mwandishi. Anajua kunyamaza.

Pedaya amekufa. Walikuwa wanapandisha mawe kuongeza ukuta upande wa kaskazini, kamba ikakatika. Ilikuwa siku ya kwanza ya mwezi huu, kabla ya saa sita. Waliniita kumtambua. Uso haukuwa wa kutambuliwa. Nilimjua kwa kile kidole gumba cha kulia, kifupi, kilichokatwa na jiwe la kukamulia zeituni akiwa na miaka kumi. Nilimwosha mwenyewe, nikauvua muhuri wake shingoni. Amezikwa na askari wengine bondeni, si kwenye pango la baba.

Mama hajui. Atara hajui. Nilikuwa nangoja wafike kwanza. Habari kama hiyo haiwaendei mjamzito na kipofu wakiwa peke yao ndani ya mji unaohamwa.

Sasa Atara ameniandikia. Siku ya tatu ameapa hatavuka lango la Beth-Asheli mpaka Pedaya ampokee mama kwa mkono wake. Anangoja mumewe aitangue. Mumewe alikuwa na siku mbili kaburini alipoapa. Je, hiyo ni nadhiri ya mke au ni nadhiri ya mjane? Na kama ni ya mjane, kuna mlango wowote? Njia bado iko wazi. Wajumbe wa ngome wanasema labda wiki tatu, labda chini ya hapo.

Nijibu kwa mjumbe huyuhuyu. Mpe chakula, hajala.

Zibia


Anathothi, mwezi wa nane, siku ya ishirini na tatu

Kwa Zibia, binti wa dada yangu.

Nimerarua nguo yangu kwa ajili ya kijana. Alikuwa mzuri kuliko baba yake.

Sheria haiulizi mwanamke alijua nini. Inauliza alikuwa nani. Siku ya tatu Atara alikuwa mjane. Mjane hana baba wala mume juu yake. Akifungua kinywa amejifunga. Hakuna mlango.

Mtu akitangua nadhiri isivyo haki, uovu wa aliyeapa unahama, unakuwa juu ya kichwa cha aliyetangua. Hilo nakuandikia kwa sababu nakufahamu tangu ulipokuwa ukiruka dari kwa dari hapa kwetu, na kila ulipokatazwa ulikuwa umesharuka. Usiruke hii.

Ukisha kusoma, vunja kigae.

Hashabia


Yerusalemu, mwezi wa nane, siku ya ishirini na tano

Kwa wifi yangu Atara, Beth-Asheli.

Amani kwako na kwa mama. Vigae vyako vyote vinne vimefika, kwa mpangilio.

Nilimwambia Pedaya asubuhi, jua likichomoza. Nilimwambia nadhiri yote, neno kwa neno, na jina la Hogla nikalitaja. Akasema, "Naitangua." Nikamwambia sema tena. Akasema tena. Habari ya mimba nimempa. Alifurahi.

Haruhusiwi kushuka ukutani, kwa hiyo usimngoje aje. Ametoa muhuri wake. Kibonge cha udongo kilicho kwenye kamba ya barua hii kimegongwa kwa huo. Kiwe ushahidi mbele ya wazee. Waonyeshe, halafu toka siku hiyohiyo. Usifue, usioke mkate wa njia, usiage nyumba kwa nyumba. Mchukue mama kwa namna yoyote. Pita njia ya juu, ya makorongo, si ya bondeni.

Usiniandikie tena. Njoo.

Zibia

Mimi Yigali nimeandika nilichoambiwa niandike.


Beth-Asheli, mwezi wa nane, siku ya ishirini na nane

Kwa wifi yangu Zibia.

Umesema nisiandike, nami naandika, kwa sababu kutoka siku hiyohiyo hakukuwezekana na sitaki ukae ukihesabu.

Wazee wameona muhuri, wamekubali. Mmoja aliuliza mbona mtu mzima atoe muhuri shingoni mwake ampe dada yake, akajibiwa na mwenzake kwamba jeshini mtu huvuliwa hata kiatu. Kwa hiyo nimefunguliwa.

Mama aliomba akishike kile kibonge. Alikipapasa muda mrefu. Upande wa maandishi hakuujali. Alikuwa anapitisha kidole upande wa nyuma, pale udongo unapokandamizwa kwa gumba. Nikamuuliza, "Mama, ni wa Pedaya?" Akasema, "Ni wa mwanangu. Nimemjua. Umefunguliwa, jiandae uende." Nikasema twende, si uende.

Baadaye aliniomba nimpe kisu. Akachana shingo ya vazi lake mpaka kifuani. Anasema linambana. Nikasema nitalishona pindo leo hii, akanikemea kama mtoto. Tangu jana amekaa sakafuni, viatu kavua, hataki mkeka. Anasema sakafu ni baridi na inamfaa mgongo. Mgongo haujawahi kumuuma. Hofu huwaingia wazee kwa njia zao.

Nimepata ngozi mbili za kondoo nikazishona ziwe mbeleko ya mgongoni. Hogla alinisaidia kupima. Akasema, "Mwenye mimba mbele na mkwe nyuma, utaonekana ngamia." Ndio msamaha wake huo, nimeupokea. Jana nilijaribu kumbeba mama kuzunguka ua. Nilifika mara tatu, nikakaa chini. Kesho nitajaribu mara nne.

Jana jioni moshi uliinuka upande wa magharibi, mahali penye kijiji. Leo asubuhi moshi hakuna, na watu wa kijiji hicho hawajaja.

Atara


Yerusalemu, mwezi wa tisa, siku ya pili

Kwa Atara.

Mjumbe ananingojea mlangoni, sina maneno mengi. Mara nne kuzunguka ua si njia ya siku mbili. Tafuta mtu. Mpe bangili zangu zilizo chini ya kinu, mpe kinu chenyewe. Tokeni.

Nguo ile aliyoichana mama, usimshonee. Mwache nayo. Na akikaa sakafuni, kaa naye kidogo.

Zibia


Beth-Asheli, mwezi wa tisa, siku ya sita

Kwa binti yangu Zibia.

Hii ni sauti ya mama yako Azuba; mkono ni wa karani wa lango. Nimemwambia aandike kila neno kama ninavyolitamka na asinipambe.

Atara ameondoka jana alfajiri. Barua yako ya mwisho ilifika jana hiyohiyo mchana, karani amenisomea. Nguo haikushonwa.

Sasa sikiliza. Kidole kilichokandamiza udongo ule kilikuwa kizima. Gumba la mwanangu nimelifunga vitambaa kwa mikono yangu miezi mitatu, nalijua kuliko nijuavyo uso wake. Lile lilikuwa gumba lako. Wewe ulikuwa unanyonya la kulia mpaka ukaota meno, kuna bonde dogo pembeni, bado liko. Mtu aliye hai hugonga muhuri wake mwenyewe. Sikuhitaji kusomewa.

Sikumwambia. Nikajua na wewe hukutaka ajue, na kwa nini. Kwa hiyo tulikuwa wawili tunamdanganya, mmoja kutoka mbali na mwingine kutoka sakafuni. Niambie siku aliyokufa, kama utapata njia. Nimeomboleza bila kujua nianzie kuhesabu wapi.

Atara alinibeba jana kabla ya kupambazuka. Kutoka nyumbani mpaka langoni ni hatua mia mbili na kumi, nilizihesabu kwa miguno yake. Alipumzika mara tano. Mara ya tano nilisikia mtoto akimpiga teke, maana tumbo lilistuka na mgongo ukastuka. Nikamwambia, "Mwanangu, kwa mwendo huu Wakaldayo watatupita, watateka Yerusalemu, watarudi, na kutukuta bado tuko mlangoni." Akasema, "Mama nyamaza, unazidi uzito ukiongea."

Pale langoni nikamwambia niweke chini, nataka kujisaidia. Akaniweka. Nikatambaa mpaka kizingiti, nikalishika jiwe kwa mikono miwili, nikapaza sauti. Wazee walikuwapo, walinzi walikuwapo, na Hogla, ambaye huwapo kila mahali. Nikasema:

"Kama Bwana aishivyo, mimi Azuba, mjane, sitavuka kizingiti hiki mpaka muhuri wa Pedaya mwanangu uletwe uwekwe mkononi mwangu, uwe ushahidi kwamba Atara amefika Yerusalemu salama."

Atara akapiga kelele. Akasema, "Mama, umefanya nini? Nani ataitangua hiyo?" Nikamwambia, "Hakuna. Mimi ni mjane. Ndiyo sababu nimeiweka."

Akasema nitakubeba hivyohivyo. Nikamwambia nibebe, mwanangu, univushe, univunjie kiapo mbele ya Mungu na watu. Wewe mwenyewe ulikaa ndani wiki tatu nzima hukuthubutu kuvuka kwa kiapo chako. Akalia. Alinipiga begani, si sana. Mwambie nimesamehe, na kwamba ana mkono mwepesi.

Kisha mmoja wa wazee akasema, "Binti, anayekawia hapa anamkawiza mama. Kimbia ukalete huo muhuri." Ndipo alipoelewa kwamba njia pekee ya kunitoa ni yeye kufika kwanza. Nikasikia anafungua mbeleko, anaitupa. Akanibusu macho. Hogla akamsindikiza mpaka kwenye korongo, amerudi, anasema alikwenda mbio kama mtu aliyeacha chungu motoni.

Zibia, mimi si mjinga. Njia itafungwa kabla huo muhuri haujafika. Nadhiri niliiweka kwa ajili ya miguu yake, si kwa ajili ya jiwe la muhuri. Usijisumbue sana na jiwe.

Lakini ukiweza, ulete. Sitaki uninene kwamba nilikuwa jasiri. Usiku kuna kelele nje ya ukuta, kama watu wanaokata miti, na mimi siwezi kuona ni kitu gani. Hogla amehamia kwangu. Analala miguuni pangu, na anakoroma kuliko mimi.

Uovu wa nadhiri ya Atara usiubebe peke yako. Nilisema, "Ni wa mwanangu," nikijua. Nusu ni yangu.

Mama yako, Azuba


Yerusalemu, mwezi wa tisa, siku ya kumi na moja

Kwa mama yangu Azuba, Beth-Asheli, kwa karani wa lango, amsomee polepole.

Mama, Atara amefika. Amefika jana, siku ya kumi, saa tisa alasiri. Njia ya siku mbili imemchukua tano. Siku mbili alikaa ndani ya pango na familia moja asiyoijua, kwa sababu chini yao jeshi lilikuwa linapita, na mama mmoja alimziba mtoto wake kinywa saa zote hizo. Ana majeraha ya miguu na ya viganja, na homa kidogo. Mimba ipo na inacheza. Nimeweka mkono mwenyewe.

Alipofika hakuomba maji. Alisema, "Muhuri uko wapi? Pedaya yuko wapi? Mwite, autume leo." Nikamketisha. Nilikuwa nimepanga maneno mwezi mzima. Sikuyatumia. Nikauweka muhuri kiganjani mwake, nikasema, "Amekufa, wifi. Siku ya kwanza ya mwezi wa nane." Sasa nawe unajua siku, Mama.

Hakulia. Alihesabu kwa vidole. Ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alipofika ya tatu alibaki na kidole hicho hewani. Kisha akasema, "Nilikuwa mjane nilipoapa." Nikasema ndiyo. "Hakuna aliyeitangua." Nikasema hakuna, ni mimi. "Umenifanya mwongo mbele za Bwana." Nikasema ndiyo, mwongo aliye hai, na kwamba mjomba ameniandikia uovu huo uko kichwani pangu, kwa hiyo yeye aendelee kupumua.

Akainuka, akavaa viatu juu ya yale majeraha, akaenda mlangoni. Alikuwa anarudi kwako. Nilisimama mbele ya mlango. Mimi si mwanamke mkubwa na yeye ana nguvu, lakini alikuwa amechoka. Alinisukuma mara mbili. Mara ya tatu aliniegemea tu. Nikamwambia, "Mama alikaa sakafuni siku nane akimwomboleza mwanawe mbele yako, na hakukwambia, ili uvuke. Ukirudi, alikaa bure." Nilimwambia Yigali amsomee barua yako yote, mpaka pale kwenye kelele za miti. Ndipo alipochana nguo.

Nusu yako ya uovu nimeisikia. Atara anasema sasa tuugawane mafungu matatu.

Leo asubuhi alikula katika bakuli langu. Alipomaliza aliliosha, akaliweka mahali pake. Kisha akakaa sakafuni na muhuri mkononi, akaufuta damu ya kiganja chake kwa pindo la nguo, akaufunga yeye mwenyewe kwenye kamba ya barua hii. Nilimwambia ni kitu pekee cha baba ambacho mtoto angekuwa nacho. Akasema, "Mtoto atakuwa na bibi."

Kwa hiyo muhuri ndio huu, Mama. Ushike. Ni jiwe jekundu, lina ufa mdogo kwenye ukingo, utaujua. Ukiugusa umefunguliwa. Vuka. Mwambie Hogla akuvushe, kwa magoti, kwa mgongo, kwa vyovyote. Sisi tuko hapa.

Zibia na Atara

Yerusalemu, siku ya kumi na nne. Mimi Yigali mwandishi naongeza haya kwa mkono wangu. Barua hii ilitoka na mjumbe wa ngome siku ya kumi na moja, ikarudi naye leo. Anasema alifika mahali anapoweza kuiona Beth-Asheli. Kuna mahema kuizunguka pande zote, na miti yote ya zeituni imekatwa. Lango limefungwa. Moshi hakuuona. Nimewasomea wenye barua maneno haya, wamesikia wote wawili. Barua na muhuri mmoja wa jiwe jekundu vimewekwa mtungini, nyumba iliyo nyuma ya tanuri za waokaji, mpaka njia ifunguke.